Nyuki wa Marehemu Apolinari

Siku walipoondoa matanga, Genoveva aliamka akasikia kimya. Kwanza alidhani ni kimya cha nyumba tu, kwa maana wanawake waliolala naye ukumbini tangu mazishi walikuwa wamekunja mikeka yao alfajiri na kwenda kuwaandalia watoto wao chai. Akatoka uani na kopo la maji ya kunawa uso. Mkorosho ulikuwa palepale, na mizinga minne ya magogo ilining'inia palepale kwenye matawi ya chini, kama mumewe alivyoifunga kwa kamba za katani. Lakini hakuna kilichoingia wala kutoka. Akasogea, akaweka sikio kwenye gogo la kwanza, kisha la pili. Alikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Akakaa chini, kopo mkononi, maji hayajanawiwa. Katika siku zote za msiba alikuwa amelia pamoja na watu. Asubuhi ile ndipo alipolia peke yake, na kama angeulizwa analilia nini hasa, mume au nyuki, asingeweza kutenganisha.

Apolinari alikuwa karani forodhani. Asubuhi alivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, akapanda baiskeli kutoka Temeke mpaka bandarini; jioni akirudi alivua yote hayo, akavaa shati lililochanika kwapani, akaenda kusimama chini ya mkorosho. Hakuwa na haja ya kufanya lolote pale. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Mizinga aliichonga mwenyewe, kwa namna walivyochonga kwao Bukoba, na alipoulizwa na majirani kwa nini mtu wa kalamu ajisumbue na wadudu wenye sumu, alisema, "Kazini naandika mali za watu. Hapa nataka kuangalia mali zangu zikienda kazini."

Majirani hawakuwapenda nyuki wale. Aliyewachukia zaidi ni Bwana Muhsin, mwenye duka la pembeni ya njia, ambaye wazee wake walikuja pwani kutoka Hadhramauti kabla ya Mdachi. Wakati wa kiangazi, maua yakiadimika, nyuki walihamia kwenye tende zake na sukari guru yake, na wateja wakawa wanasimama nje wakinyoosha vidole badala ya kuingia. Muhsin alikwenda kwa jumbe kushitaki mara kadhaa. Kila mwaka Apolinari alipolina asali, chupa ya kwanza ilikwenda dukani.

"Faini yako hii, Bwana Muhsin."

"Faini gani, nusu yake ni sukari yangu mwenyewe!" Muhsin angesema, na kuipokea, na kuiweka mahali ambapo hata watoto wake hawakuifikia.

Basi, mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, homa ilimshika Apolinari siku ya Jumatatu, na Ijumaa wakamzika. Hawakujaliwa mtoto. Genoveva alibaki na nyumba ya udongo yenye paa la makuti, shamba la nyuma lililofika mpaka kwenye kijito, na mizinga minne, ambayo sasa ilikuwa mitupu.

Neno la kwanza juu ya hilo lilitoka kwa Somoe, Mzaramo wa nyumba ya tatu, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Alikuja na bakuli la uji, akatazama juu, akaweka bakuli chini.

"Wamekwenda naye," akasema.

"Nani?"

"Nyuki. Wamemfuata bwana wao. Wewe ulidhani watakaa wafanye nini hapa, wakungoje wewe unayewaogopa?"

Ni kweli Genoveva aliwaogopa. Moyoni alitamani iwe hivyo, kwamba wamemfuata. Ilikuwa afadhali kuliko kwamba wamemkimbia yeye.

Shemeji yake, Gaudens, aliwasili baada ya kila kitu kwisha. Telegramu ilimkuta akinunua kahawa vijijini, na kutoka Bukoba ni meli mpaka Mwanza, kisha gari moshi, na hakuna aliyewahi kuharakisha lolote kati ya hayo mawili. Alikwenda moja kwa moja makaburini na viatu vyake vyenye vumbi la safari, akasimama muda mrefu mbele ya udongo uliokwisha kunyeshewa, akaja nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye sauti ya kanisani. Alifikia kwa Mhaya mwenzake huko Ilala na kila siku alikuja Temeke kwa miguu.

"Shemeji," alimwambia siku ya tatu, "umemzika kaka yangu kwa heshima, nimeambiwa, na nakushukuru. Wageni hawa wamekutunza kama ndugu. Lakini mjane asiye na mtoto hakai peke yake ugenini. Sisi tupo. Kuna nyumba, kuna migomba. Twende nyumbani."

"Kaburi lake liko hapa, shemeji."

"Kaburi halipiki ugali."

"Shamba litapika."

Gaudens akaangalia lile shamba. Mihogo ilikuwa imesimama vizuri, na mchicha. Lakini shamba la Genoveva lilijulikana Temeke kwa maboga na matango, na hayo ndiyo aliyopeleka sokoni, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamejaa maua ya manjano asubuhi ile. "Haya," akasema Gaudens, kwa sababu hakutaka kuonekana mkatili. "Mimi siondoki kesho. Nitakaa msimu huu. Shamba likizaa, nitaamini unaweza kukaa. Lisipozaa tutaondoka pamoja, na usinilaumu."

Genoveva akakubali. Ilikuwa ni ahadi nyepesi. Shamba lile halikuwahi kumwangusha.

Ndani ya wiki mbili liliangusha kila kitu. Vile viboga vidogo vinavyokaa nyuma ya ua jike, vya ukubwa wa goroli, vilianza kuwa vya manjano, vikalainika, vikadondoka. Asubuhi aliviokota chini kama mtu anayeokota shanga zilizokatika. Matango yaliyojitahidi kukua yalijipinda na kunenepa upande mmoja. Genoveva akamwagilia zaidi, ingawa mvua ilikuwa inatosha. Akatia majivu. Akatia samadi ya mbuzi wa Somoe.

Kisha Somoe akaja akiwa ameshika tango mkononi, limejikunja kama ndoana.

"Tazama hili. Hili ni tango au ni mpini wa mwavuli?"

"Na kwako pia?"

"Kwangu, kwa Bi Jokha, mpaka kule kijitoni kwa Hija mwenye matikiti. Hakuna aliyepata. Mwaka jana hapa palikuwa hapapitiki kwa maboga, tulikuwa tunawapa mbuzi!" Akatazama juu mkoroshoni. "Ee Mola. Kumbe yule bwana alikuwa akitulisha kwa nyuki wake, na sie tunamshitaki kwa jumbe."

Neno hilo lilimwingia Genoveva kwa namna ambayo hata hotuba ya padri siku ya mazishi haikumwingia. Miaka yote wale majirani walikula kutoka mkononi mwa Apolinari bila kujua, na yeye mwenyewe pengine hakujua. Alifikiri anaangalia mali zake tu. Usiku aliposali alimshukuru Mungu kwa mume ambaye wema wake ulivuka ua bila kubisha hodi. Lakini shukrani haikuzuia maboga kudondoka, na Gaudens naye alikuwa anahesabu kimoyomoyo, Genoveva aliona hilo usoni pake.

Siku moja Gaudens alisema waiteremshe mizinga. Ikiwa wanaondoka, bora wampe mtu mwenye haja nayo. Alipanda mwenyewe kwenye mkorosho, akihema, akafungua kamba, akaishusha mmoja mmoja mpaka mikononi mwa Genoveva. Walipoondoa kizibo cha mzinga wa kwanza, harufu iliyotoka haikuwa ya asali. Gaudens akainusa, akavua kofia.

"Shemeji," akasema taratibu. "Inanukia Misa."

Ilikuwa kweli. Masega yalikuwa bado yamo, makavu, yenye asali kidogo iliyobakia pembeni, na nta yote ilikuwa imekolea ubani. Wakafungua wa pili, wa tatu, wa nne. Yote ilinukia kama kanisa siku ya Pasaka.

Gaudens akapiga ishara ya msalaba. Machozi yalimlengalenga. "Unaona? Mungu mwenyewe amefunga nyumba ya kaka yangu, akaifukiza ubani. Imekwisha hapa, shemeji. Tusishindane na mbingu." Na kwa kuwa alikuwa ameguswa kwelikweli, jioni ileile aliwasimulia Wahaya wa Ilala, na kesho yake dukani kwa Muhsin aliwasimulia wanunuzi wa mafuta ya taa, na habari ya mizinga iliyofukizwa na malaika ikaenea Temeke nzima.

Genoveva hakusema kitu, kwa sababu aliijua harufu ile. Haikuwa ya kanisani. Ubani wa kanisani ulikuwa mkali, unakwaruza koo. Huu ulikuwa laini, una udi ndani yake na kitu kama ganda la limau. Ulikuwa wa Bi Jokha, mke wa Muhsin.

Siku Apolinari alipofariki, Bi Jokha ndiye aliyefika wa kwanza, kabla hata ya Wakristo waliosali na marehemu. Alikuja na chetezo chake cha udongo na mfuko wa ubani aliouacha mama yake, ubani wa Makalla, bandari ya Hadhramauti, ambao hakuutoa hata kwenye arusi za binti zake. Waombolezaji walipokaa uani chini ya mkorosho, watu waliogopa nyuki. Basi Bi Jokha akakiweka chetezo chini ya mizinga, palepale, kwa sababu alikuwa amemwona Apolinari akiwapulizia moshi nyuki wakatulia. Wakatulia. Watu wakakaa kwa amani. Na kwao Bi Jokha, katika nyumba ya mama yake, chetezo cha msibani hakizimwi mpaka matanga yaondolewe. Kwa hiyo alikilinda usiku na mchana, akilala kwa vipindi vifupi, akiongeza makaa, akiongeza ubani, moshi ukipanda moja kwa moja kwenye midomo ya mizinga minne. Apolinari alikuwa akiwapulizia moshi kwa muda wa kukata sega moja. Yeye aliwapulizia tangu mazishi mpaka tanga lilipoondolewa. Nyuki gani angekaa?

Genoveva alibaki na jambo lile kama mtu aliyemeza kokwa. Angelisema, hoja ya Gaudens ingevunjika: hakukuwa na malaika, kulikuwa na moshi, na nchi haikumkataa. Lakini kulisema ni kumsimamisha Bi Jokha mbele ya Temeke nzima, mbele ya wale wote waliopoteza matango na matikiti yao, na kusema: huyu ndiye. Huyu, aliyelala chini kwenye umande kwa ajili ya mume wa mtu wa dini nyingine. Siku mbili alipita mbele ya duka akiwa ameinamisha uso. Siku ya pili Gaudens alimwambia amekwisha kuulizia nafasi za gari moshi.

Basi alikata kipande cha sega, akakifunga kwenye jani la mgomba, akaenda kwa Bi Jokha baada ya sala ya alasiri. Alimkuta uani, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umekonda. Yule shemeji yako anakula chakula chako chote, nimemwona shingo yake."

Genoveva akakaa kwenye kibao, akamkabidhi lile jani. Bi Jokha akalifungua, akaliinua puani, na mkono ukasimama hewani.

"Ubani wangu huu."

"Ndiyo."

"Wa mama."

"Ndiyo, Bi Jokha. Umo kwenye nta. Umeingia mpaka kwenye mti."

Bi Jokha akauweka ungo chini. Hakuwa mwanamke mzito wa kuelewa. Genoveva alimtazama akipita njia yote ile mwenyewe, chetezo, mkorosho, mizinga, usiku na mchana, mpaka akafika mwisho wake. Shela ikamteleza kichwani, hakuirudisha.

"Basi si malaika," akasema. "Ni mie."

"Nimekuja kushukuru kwanza," Genoveva akasema haraka, kwa maana alikuwa ameyapanga maneno njiani na aliogopa yatamtoroka. "Siku zile, Bi Jokha, sikumbuki nilikula nini. Sikumbuki nani alinifunga kitambaa kichwani. Watu walisema nami, sikusikia. Kitu ninachokumbuka ni ile harufu. Kila nilipofikiri sitaweza kuvuta pumzi, ilikuja, nikavuta. Ndiyo iliyonipitisha. Nyuki wamekwenda, ndiyo. Lakini mie nilibaki."

Bi Jokha akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika. Genoveva alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini aliposhusha mkono kulikuwa na kicheko pia kinachotafuta njia. "Miaka yote mume wangu anamwendea jumbe awaondoe wale nyuki! Jumbe kashindwa, mie nimeweza kwa ubani wa mama!" Akajipangusa. Kisha akawa hana mzaha tena. "Huyo shemeji yako anasema mbingu zimekufungia?"

"Anasema."

"Na anataka kukuchukua?"

"Ameulizia gari moshi."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza kwa ajili yangu?"

"Nilinyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza, ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya mtu mwingine."

"Umefanya vizuri. Nipe buibui langu lile."

Dukani palikuwa na watu, kama kawaida ya jioni. Gaudens alikuwa amekalia gunia la chumvi, anasimulia tena. Bi Jokha, ambaye hakuwa na desturi ya kuja mbele ya duka wateja wakiwepo, alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kutosha:

"Bwana Gaudens, nisamehe nikukate. Mizinga ya marehemu haikufukizwa na malaika. Imefukizwa na Jokha binti Abdulsamad, yupo hapa mbele yako. Chetezo nilikiweka mie, na kukizima nikakataa. Mwenye tango lililopinda aje kwangu, asimsumbue Mungu."

Kibaba cha Muhsin kilibaki hewani, mchele unachururika sakafuni.

Somoe ndiye aliyecheka wa kwanza, cheko la kutoka tumboni. "Na mie nilisema wamemfuata bwana wao! Kumbe walikwenda kukohoa!"

Hapo duka zima likalipuka. Alicheka hata mzee mmoja kiziwi aliyekuwa hajasikia chochote. Gaudens peke yake hakucheka. Alikaa juu ya gunia lake, uso umemwiva, na Genoveva alimhurumia, kwa maana alikuwa amekuja mbali, amekosa mazishi ya kaka yake, na ile harufu ndiyo faraja pekee aliyoipata.

Walipofika nyumbani alisema, bila hasira, "Sawa. Ni moshi. Hata hivyo nyuki hawapo, shemeji, wawe wamefukuzwa na yeyote. Maua yanadondoka. Utaishi kwa nini?"

Genoveva alikwisha kulifikiria hilo njiani. Utotoni alisoma kwa masista, na masista walikuwa na bustani, na katika bustani ile kulikuwa na sista mmoja wa Kizungu ambaye, mvua zikizidi na nyuki wakijificha, aliwatoa wasichana kitandani kabla ya Misa na kuwafundisha kufanya kazi ya nyuki kwa mkono. Unachuma ua dume, lile lenye kikonyo kirefu kisicho na kiboga. Unang'oa majani yake ya manjano. Kinabaki kijiti chenye unga. Unakigusisha ndani ya ua jike, polepole, pande zote. Lazima iwe asubuhi, kwa sababu jua likipanda ua linajifunga na halifunguki tena. Wasichana walikuwa wakichekana sana. Genoveva hakuwahi kufikiri atalihitaji somo lile.

"Nitajaribu mwenyewe," akamwambia Gaudens, akamweleza.

"Shamba zima? Ua moja moja?"

"Maua yamebaki ya wiki tatu hivi. Nipe hizo."

Alidhani atafanya peke yake. Asubuhi ya kwanza, umande bado mzito, aliinua kichwa kutoka kwenye majani akamwona Bi Jokha anavuka ua, buibui amelifunga kiunoni, miguu pekupeku.

"Nionyeshe," akasema. "Niliwafukuza wafanyakazi, sasa nimekuja kushika kazi yao."

Ikawa kila asubuhi. Walianza kwa Genoveva, wakaenda kwa Somoe, wakaenda kwa Bi Jokha mwenyewe. Somoe alijiunga siku ya tatu, akiwa anavuma kwa midomo, vuuu, vuuu, mpaka Bi Jokha akamrushia ua lililonyauka. Muhsin alisimama ukingoni mwa shamba na tasbihi yake, akamtazama mkewe akiinama kutoka ua hadi ua, unga wa manjano mpaka kwenye pua.

"Jama, mke wangu amekuwa nyuki. Asali yake nitaiona lini?"

"Utaona mwiba kwanza," Bi Jokha akajibu bila kugeuka.

Na asubuhi moja, Genoveva alipokwenda upande wa kijitoni, alimkuta Gaudens. Alikuwa ametoka Ilala gizani ili afike mapema. Amekunja suruali, amechuchumaa kwa shida, ua dume limeshikwa kwa vidole vinene kama kalamu. Hakumwona. Alikuwa anaongea Kihaya taratibu, na Genoveva alisikia jina la Apolinari, akarudi nyuma bila kukanyaga jani kavu. Baadaye akamletea chai palepale shambani.

Viboga havikudondoka. Si vyote, vingine hawakuviwahi, na jua liliwashinda upande mmoja wa shamba. Lakini vingi vilishika. Vikawa kama limau, kisha kama chungwa, kisha siku moja havikuweza kufunikwa tena na majani. Matango yalinyooka. Julai ilipofika Genoveva alijaza tenga la kwanza la sokoni, na Gaudens akalibeba mwenyewe kichwani mpaka njia kuu, akikataa kusaidiwa, jasho linamtiririka kwenye shingo ileile aliyoisema Bi Jokha.

Jioni alikaa barazani, akavua viatu.

"Nitawaambia nyumbani kwamba unakaa," akasema. "Watauliza, anakaa na nani? Nitawaambia, anakaa na watu." Akatafakari kidogo. "Ile ya ubani, sitawaambia ilivyokwisha. Mama ni mzee. Mwache awe na malaika wake."

Genoveva akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yake tangu aje. Kisha akamshukuru, kwa Kihaya, kwa maneno marefu ya heshima ambayo hakuwa ameyatumia kwa miaka, kwa kusafiri, kwa kungoja, kwa kutokuwa mtu wa kushika neno lake kama rungu. Gaudens aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa, kama inavyopasa.

Kabla ya kuondoka walitengeneza mizinga. Waliikwangua ndani, wakaiosha kwa maji ya kijito, wakaianika juani mpaka harufu ikapungua. Bi Jokha alileta mchaichai kutoka kwenye ua wake, wakaufikicha ndani ya magogo, ili harufu yake iwavute nyuki, pamoja na nta safi ambayo Hija alileta kutoka msitu wa Pugu. Gaudens akapanda tena mkorosho, akaifunga. Kisha akapanda gari moshi, peke yake.

Mizinga ilikaa mitupu kiangazi chote. Duka la Muhsin lilikuwa safi, hakuna nyuki hata mmoja kwenye tende, na Muhsin alilalamika kwamba pamepooza, mtu anakaa kutwa hana hata cha kufukuza. Ilipokuja mvua ya vuli, siku ya Jumapili Genoveva akiwa anarudi kanisani, Somoe alimkimbilia njiani akipunga kanga, na kabla hajafungua mdomo Genoveva alikuwa ameshajua. Lilikuwa kundi dogo la nyuki. Lilining'inia kwenye tawi kama ngumi mbili, na kufikia jioni lilikuwa limekwisha kuingia mzinga ulioelekea mashariki. Genoveva alisimama chini yake, mikono nyuma. Bado aliogopa, lakini alikaa mpaka giza likaingia, na kila alichotaka kumwambia Mungu alikisema hapo, na chote kilikuwa asante.

Sasa ni mwaka wa tatu. Nyuki wamo katika mizinga miwili, miwili mingine haijapata wenyewe, na kundi lote halifikii nusu ya walivyokuwa wakati wa Apolinari. Upande wa mkorosho hufanya kazi wenyewe. Upande wa kijitoni hawafiki, na maboga yakitoa maua Genoveva, Bi Jokha na Somoe huamka na umande kuyashughulikia kwa mkono.